Italia ya Malindi

Kuna mtindo umeingia kwa wenzetu wenye uwezo kidogo. Likizo ikifika hupakia watoto garini kwenda Malindi, na wakirudi hutamba kwamba wamewaonyesha watoto Italia bila viza. Bwana mmoja aliniambia hivyo hapa Kisiba, tena tukiwa msibani. Nikamwuliza watoto waliona nini. Piza, akasema, na aiskrimu, na Wazungu wengi ufukoni.

Sisemi ya kuambiwa. Nilikwenda huko na wajukuu wawili, kwa basi, safari ambayo mzee wa miaka yangu haipaswi kuirudia. Ni kweli Kiitaliano kimejaa mjini, kwenye vibao vya maduka na katika vinywa vya wauzaji. Sina ugomvi na Mwitaliano anayefuata jua. Fedha yake imejenga nyumba na kulisha wengi. Ugomvi wangu ni na mzazi Mwafrika anayemfikisha mtoto katika mji wa kale wa Waswahili, kisha akamwonyesha mgeni tu.

Mji huu ndio uliompelekea mfalme wa China twiga mwaka 1415. Vasco da Gama alipofika Aprili 1498, hakuja kuwafundisha watu wa Malindi bahari. Alikuja kuomba rubani wa kumfikisha India, akapewa. Kusini, mwendo wa kilometa kama 15, yapo magofu ya Gede, yenye msikiti, jumba la mtawala na visima, ambayo UNESCO iliyaingiza katika urithi wa dunia mwaka 2024. Bwana yule hakuwa amesikia hata jina la Gede.

Na kama ni Italia mnayoitaka, mbona hamwendi Ngomeni, kaskazini ya mji? Huko baharini Waitaliano walisimamisha majukwaa ya chuma, na kati ya mwaka 1967 na 1988 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya Marekani ikapewa jina la Uhuru. Ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kuchunguza miali ya eksirei itokayo kwenye nyota. Mkuu wa utafiti ule, Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genova, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Neno la Kiswahili limo katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima, nasi tunawalisha watoto aiskrimu.

Wako watakaosema mtoto wa likizo aachwe acheze. Acheze! Wangu walicheza mchangani hadi macho yakawa mekundu. Lakini mtoto huona hata asichoonyeshwa. Ufukoni alitujia kijana wa umri wa mjukuu wangu mkubwa, akiuza shanga siku ya shule, akihesabu bei kwa Kiitaliano safi pasipo kitabu wala mwalimu. Mjukuu wangu akamwangalia kwa wivu. Ningenyamaza, angerudi Kisiba akiamini kwamba hiyo ndiyo faida ya kukaa karibu na wageni. Na shanga ni afadhali. Mwaka 2006 UNICEF na Serikali ya Kenya walitoa ripoti juu ya watoto wa pwani ile wanaonunuliwa miili yao, na wanunuzi walikuwa watalii na wenyeji pia. Mji ukishafanywa mahali pa starehe tu, watoto wake nao huwekewa bei.

Nasi huku tusijione. Ziwa letu la kreta pale Masoko, wataalamu wametoboa tope la chini yake wakasoma humo hali ya hewa ya makumi ya maelfu ya miaka. Mtoto wa Kisiba anachosimuliwa ni sarafu za Wajerumani zilizotupwa majini.

Pale Ngomeni tuliyaona majukwaa kwa mbali. Mjukuu mdogo akauliza setilaiti yenyewe iko wapi. Nikamweleza kwamba ilirudi angani mwetu ikaungua mwaka 1979.

"Babu, mbona mwalimu wetu hajatuambia haya?"

Mwalimu wake nilimfundisha mimi, miaka miwili, chuoni.