Mbio si za Damu Peke Yake

Kuna neno ambalo nimechoka kulisikia katika baraza zetu za Mombasa, nalo ni kwamba mbio ni za watu wa bara, sisi wa pwani hatuna damu hiyo. Husemwa kwa utani, lakini watoto hulishika, na mwalimu mvivu hulifanya kisingizio cha kutowatoa uwanjani.

Sikatai kwamba mtu hurithi. Imepokewa katika Hadithi kwamba bedui mmoja alimjia Mtume (S.A.W.) akiwa na shaka kwa kuwa mkewe amezaa mtoto mweusi. Mtume akamwuliza rangi ya ngamia wake. Akajibu ni wekundu. Je, hayumo wa kijivu? Yumo, labda asili imemvuta. Akaambiwa na mwanawe vile vile huenda asili imemvuta. Asili hiyo ndiyo wataalamu wanayoitafuta leo katika jeni.

Na wako wanariadha ambao jeni imewafaa waziwazi. Eero Mäntyranta wa Finland, aliyepata dhahabu mbili za mbio za thelujini mwaka 1964, alirithi jeni iliyoufanya mwili wake utengeneze chembe nyekundu za damu kwa wingi kupita kiasi, nazo ndizo zinazopeleka hewa kwenye misuli. Lakini jamaa zake wengi walikuwa nayo, na wengi wao hawakufika Olimpiki.

Kwa wakimbiaji wetu wa Bonde la Ufa mambo ni magumu zaidi. Wengi wamekulia kwenye nchi ya mita 2,000 na zaidi, ambako hewa ni nyembamba, na huamka alfajiri kufanya mazoezi. Jeni ya misuli iitwayo ACTN3 ilipochunguzwa kwa wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia, na matokeo kuchapishwa mwaka 2007, haikuwatenga na wananchi wenzao. Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki mwaka 1968, alikuwa Mkisii, si Mkalenjin.

Tena tumemsahau vipi Seraphino Antao? Alizaliwa hapa hapa Mombasa, mtoto wa Wagoa. Mwaka 1962 huko Perth, Australia, alishinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola, miaka sita kabla ya Temu. Huyo naye ni mtu wa bara gani?

Maneno haya ya damu hayaishii uwanjani. Senti zikipotea dukani, mtoto wa mwizi hutazamwa kwanza. Mtoto wa nyoka ni nyoka, husema watu, na posa zikakataliwa kwa hilo. Ni kweli kwamba mwaka 1993 wanaume kadhaa wa ukoo mmoja wa Uholanzi, wenye hasira na ujeuri wa ghafla, walionekana kuwa na kasoro katika jeni iitwayo MAOA. Kasoro hiyo ni adimu mno. Mwaka 2002 wachunguzi wa Dunedin, New Zealand, walieleza kwamba jeni hiyo ikiwa dhaifu iliambatana na ujeuri zaidi kwa wale walioteswa utotoni. Wachunguzi wa baadaye hawakukubaliana wote, lakini ikiwa ni hivyo, basi anayempiga mtoto kwa kuwa "ana damu mbaya" huenda ndiye anayeiamsha.

Nazitaka kamati za shule zetu za pwani, na madrasa zenye nafasi, ziwapangie wavulana na wasichana siku ya mbio kila muhula, awepo na mtu wa kushika saa. Maji yakitoka, mchanga wa ufuoni upo, wala haulipiwi.