Roboti ya mkono Lodwar? Tuanze na mtu wa mazoezi

Binamu yangu anasomesha Kerio, kule Turkana. Majuzi alinitumia video: mgonjwa wa kiharusi amekaa mbele ya skrini, mkono uliopooza umefungwa kwenye mashine, na mashine inausogeza taratibu. "Ndugu yangu, hii tutaiona lini Lodwar?" akaniuliza. Jirani yake, mzee mfugaji, alianguka mwaka jana, na mkono wake wa kulia mpaka leo haushiki kikombe.

Nilisita kumjibu, kwani ami yangu hapa Mombasa aliugua maradhi hayo hayo. Kwake niliona kwamba dawa humkinga mtu na kiharusi kingine, lakini mkono wenyewe hurudi kwa mazoezi. Ubongo hufundishwa upya kwa kurudia jambo moja mara mamia: kushika, kuachia, kunyanyua. Haba na haba, na si kila mkono unarudi.

Hapo ndipo roboti ilipopata sifa. Mashine ya MIT-MANUS iliundwa Marekani miaka ya 1990. Mgonjwa hushika mpini na kuusogeza kufuata alama kwenye skrini. Mkono ukishindwa, mashine husaidia. Nayo haichoki.

Lakini je, mgonjwa anatoka akiweza kula mwenyewe? Utafiti mkubwa wa RATULS uliofanywa Uingereza ulitoa majibu mwaka 2019. Wagonjwa 770 waligawanywa katika makundi. Waliopangiwa roboti walifanya mazoezi dakika 45, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 12. Mwishowe, katika kazi za mkono za kila siku, hawakuwapita waliopata huduma ya kawaida.

Tuangalie vizuri neno "kawaida". Kawaida ya Uingereza ni kuwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kwa mgonjwa wa Kakuma anayetegemea hospitali ya Lodwar, mpango kama ule ni safari 36, kila moja kilomita zipatazo 120 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Nauli itammaliza kabla mkono haujanyooka.

Wakenya tumeshaonja hadithi ya mashine. Mwaka 2015 serikali kuu ilianza mradi wa kukodi vifaa vya kisasa kwa hospitali za kaunti zote 47. Maseneta walipouchunguza, walikuta baadhi ya vifaa vimekaa bure kwa kukosa wataalamu, umeme au maji. Roboti ya mkono nayo inahitaji mtaalamu wa kuipanga na fundi wa kuitengeneza. Bila hao, ni pambo la kukatiwa utepe.

Sisemi teknolojia si yetu. Botswana, watafiti wakiongozwa na Michelle Johnson wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania wamejaribu roboti za bei nafuu, zilizokusudiwa kumwezesha mtaalamu mmoja kuhudumia wagonjwa kadhaa kwa pamoja. Hiyo ndiyo njia ya kuifuatilia. Lakini hata huko, roboti humsaidia mtaalamu. Haikai mahali pake.

Turkana yenyewe ina kumbukumbu. Hospitali ya Lopiding, Lokichoggio, iliyoendeshwa na Msalaba Mwekundu wa kimataifa tangu 1987 hadi 2006, iliwatibu majeruhi wa vita vya Sudan na kuwatengenezea miguu bandia. Ukame na umbali havikuizuia, kwa sababu watu wenye ujuzi waliwekwa pale.

Kwa hiyo ningeanza hivi: wataalamu wa mazoezi wawe na zamu za kufika Kakuma na Kerio, na jamaa za mgonjwa wafundishwe kumsimamia salama kati ya zamu moja na nyingine. Wahudumu wa afya wa jamii, waliopewa vipimo vya presha mwaka 2023, wavitumie kweli, maana kiharusi kilichozuiwa hakihitaji roboti. Na tusidhani haya ni ya Turkana peke yake. Tana River na Lamu nako kuna watu ambao hospitali iko mbali nao.

Nilimjibu binamu yangu: roboti ikija, njema. Lakini kwa mbunge na gavana, kwanza muulizie mtu wa mazoezi atafika Kerio siku gani.