Umbali wa sekondari usiachiwe miguu ya watoto

Huruma yetu kuhusu umbali wa shule huishia darasa la saba. Mtoto wa darasa la pili akikutwa peke yake barabarani alfajiri, mtu mzima atasimama amuulize anakwenda wapi na nani amemruhusu kutoka gizani. Mwenye miaka kumi na minne, akiwa ndani ya sare ya sekondari, hupita bila kuulizwa neno. Tumekubaliana, ingawa hakuna aliyeandika popote, kwamba mtoto mkubwa anaweza: anaweza kilomita sita, nane, hata kumi, na jioni azirudie zilezile. Naamini makubaliano hayo ni ya makosa na yanatugharimu watoto. Umri humwongezea kijana nguvu za kutembea, ni kweli, lakini humwongezea pia masomo, kazi za nyumbani na hatari za njiani, hasa akiwa msichana. Safari ndefu humtoa mtoto shuleni katika umri uleule tunaodhani ameshaimudu.

Jinsi tulivyofika hapa inaeleweka, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni ya kujivunia. Kabla ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, MMES, ulioanza mwaka 2004, maelfu kwa maelfu ya watoto waliofaulu darasa la saba walirudi shambani kwa sababu nafasi hazikuwapo. Wananchi walichanga, walibeba mawe na maji, wakafyatua matofali, na sekondari za kata zikasimama. Lakini kata si kijiji. Kata moja ya vijijini huweza kuwa na vijiji vitatu, vinne au zaidi, na katika wilaya pana kama Liwale, Kiteto au Sikonge, kutoka kijiji hadi kijiji ni safari. Shule ilijengwa makao makuu ya kata, au mahali palipopatikana eneo, na vijiji vya pembeni vikaambiwa shule yao ndiyo hiyo. Januari 2016 ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka katika sekondari za kutwa ikafutwa. Kikwazo kilichohesabika kwa fedha kikaondoka. Kile cha kilomita kikabaki mgongoni mwa mtoto. Sasa Sera ya Elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, imetangaza miaka kumi ya elimu ya lazima, yaani hadi kidato cha nne. Hapa ndipo hoja yangu inaposimama. Sekondari ilipokuwa bahati ya wachache, mzazi aliweza kuambiwa kwamba njia ni shauri lake. Serikali inaposema mtoto lazima aende, njia ya kumfikisha huko inakuwa sehemu ya wajibu wake, kama lilivyo darasa na mwalimu.

Tuhesabu. Mwanafunzi anayekaa kilomita nane kutoka shuleni, akitembea kilomita nne kwa saa kwenye njia ya vumbi, vilima na makorongo, anahitaji saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Mwaka wa masomo una siku 194. Kwa mwaka mmoja atatumia saa 776 njiani. Tukichukua siku ya vipindi kuwa saa sita, hizo ni siku 129 za masomo zinazoishia barabarani, kila mwaka, kwa miaka minne. Na saa hizo hazitoki hewani. Zinatoka kwenye usingizi, kwenye kujisomea na kwenye chakula. Anaondoka saa kumi na moja alfajiri, mara nyingi bila kutia kitu tumboni, kwa sababu hakuna anayewasha moto saa kumi usiku ili kupika uji. Masika anavua viatu na kuvifunga kwenye mfuko wa nailoni, anavuka kijito maji yakiwa magotini, ananawia miguu kwenye dimbwi lililo karibu na geti kisha anavaa soksi zikiwa mbichi. Akichelewa robo saa anamkuta mwalimu wa zamu ameshawapanga wachelewaji upande wao, na adhabu ya kufyeka au kuchota maji inamlia kipindi cha kwanza. Kipindi cha saba kinamkuta anasinzia. Jioni kuna ndoo ya maji, kuni na wadogo zake, na daftari linafunguliwa kwa mwanga wa tochi ya simu ikiwa simu ina chaji. Mwalimu anayemwona huyu kuwa mzito wa kuelewa anampima baada ya kilomita nane, huku jirani yake wa dawati akipimwa baada ya usingizi wa kutosha.

Kuna jambo moja katika hili ambalo sijasikia likijadiliwa inavyostahili, nalo ni jua. Nchi nzima inatumia saa moja, kutoka Mtwara hadi Kigoma, ilhali jua halifuati saa hiyo. Mtwara kunapambazuka mapema. Kigoma, kwa miezi mingi ya mwaka, jua huchomoza karibu na saa moja asubuhi au hata kupita kidogo. Kengele ikigongwa wakati uleule pande zote mbili, mtoto wa magharibi anatembea gizani muda mrefu zaidi ya mwenzake wa kusini mashariki kwa umbali uleule. Kusogeza kengele mbele kwa dakika arobaini katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa hakuhitaji mkopo wala mfadhili. Kunahitaji waraka mmoja na ratiba iliyoandikwa upya. Ni hatua ndogo, haitafupisha njia hata kwa mita moja, lakini giza ndilo linalowatisha wazazi wengi kuliko uchovu, na wana haki ya kuogopa.

Kwamba umbali hasa ndio unaowapoteza wanafunzi wakubwa, wala si uvivu wao au wazazi kutopenda elimu, kuna ushahidi mzuri kutoka nchi ambazo mazingira yake hayako mbali na yetu. Mwaka 2006 serikali ya jimbo la Bihar, India, ilianza kuwapa wasichana walioingia darasa la tisa fedha za kununua baiskeli. Haikubadilisha mitaala, haikujenga shule mpya kwa mpango huo. Watafiti Karthik Muralidharan na Nishith Prakash walipoupima, waligundua kwamba uandikishaji wa wasichana sekondari uliongezeka kwa asilimia 32 na pengo kati yao na wavulana likapungua kwa asilimia 40. La muhimu zaidi ni mahali ongezeko lilipotokea: hasa katika vijiji vilivyo kilomita tatu au zaidi kutoka shuleni. Wazazi walewale, mila zilezile, na wasichana wakaenda. Huko Zambia, jirani yetu, wasichana wa vijijini waliokuwa wakitembea zaidi ya kilomita tatu walipewa baiskeli katika utafiti uliolinganisha waliopata na wasiopata. Baada ya mwaka mmoja, muda wao wa njiani ulikuwa umepungua kwa asilimia 35, kuchelewa kwa asilimia 66, na kukosa shule kwa asilimia 27. Nikisoma takwimu zetu za elimu, ambazo mwaka baada ya mwaka zinautaja utoro kuwa sababu kubwa ya wanafunzi wa sekondari kuacha shule, najiuliza ni watoro wangapi kati yao ambao kosa lao ni kuzaliwa upande wa pili wa kata. Daftari la mahudhurio lina alama ya aliyekuwapo na ya asiyekuwapo. Halina alama ya aliyeshindwa kufika.

Kwa wasichana, njia ndefu ina bei nyingine. Dereva wa bodaboda anayesimama kumpa lifti msichana aliyechoka, leo bure, kesho bure, wiki ya tatu anadai malipo yasiyo ya fedha. Kila mwalimu wa sekondari ya kata anaujua mwendo huo, na ripoti kuhusu elimu ya wasichana nchini zimeueleza mara nyingi. Tumejibu kwa adhabu: marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Mwishoni mwa 2021 tukafungua pia mlango wa waliojifungua kurudi shuleni, uamuzi wa haki uliochelewa mno. Hatua zote mbili zinakuja baada ya madhara. Kabla ya madhara kuna msichana wa miaka kumi na mitano aliyebakiza kilomita tano, jua la saa tisa, na pikipiki inayopunguza mwendo. Wavulana nao wana njia zao za kupotelea: machimbo ya dhahabu, minada ya mifugo, vijiwe vya bodaboda. Anayepita mbele ya machimbo mara mbili kwa siku akiwa na njaa, siku moja atasimama.

Najua jibu la kizazi kilichotangulia: sisi tulitembea, na tukawa watu. Nalichukulia kwa heshima, kwa sababu uvumilivu huo ulikuwa wa kweli na umeijenga nchi hii. Lakini wanaotoa ushuhuda ni waliofika. Wenzao walioacha katikati hawaalikwi kwenye mahafali kuwatia moyo vijana, na hatuwahesabu. Aidha, enzi hizo sekondari nyingi zilikuwa za bweni. Wengi wa waliotembea mbali walitembea shule ya msingi au walifunga safari ndefu mara mbili tatu kwa mwaka kwenda bwenini. Kutembea saa nne kila siku ya masomo kwa miaka minne ya sekondari ni desturi iliyokua pamoja na shule za kutwa za kata.

Wapo pia wanaosema kutembea ni afya, nao wana haki. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto na vijana wafanye mazoezi ya wastani kwa saa moja kila siku, na nusu saa kwenda na nusu saa kurudi inatosha kabisa. Sitetei mabasi ya shule kila mlango, wala simwonei huruma kijana anayetembea kilomita mbili na marafiki zake wakicheka. Ninachotaka ni mpaka. Kilomita tatu ni mpaka wa busara: ndipo tafiti nilizotaja zinapoonyesha hasara inaanza kukua, na kijana mwenye afya anaumaliza chini ya saa moja. Ndani yake mtoto atembee. Nje yake iandikwe kwamba halmashauri inawajibika kumpatia njia nyingine, nayo ijieleze isipofanya hivyo.

Pingamizi zito ni la fedha, na hapa lazima tuwe wakweli kuhusu njia tunazozipenda. Bweni ndilo wazo la kwanza la kila mwanasiasa. Ni zuri pale linapojengwa na kusimamiwa ipasavyo, lakini ni ghali kuliendesha na si salama kwa sababu tu lina ukuta; Septemba 2024 moto wa bweni katika shule ya Endarasha, kaunti ya Nyeri nchini Kenya, uliua wavulana 21. Palipokosekana bweni, wazazi hupanga chumba karibu na shule, maarufu kama geto, na mtoto wa miaka kumi na minne anaanza maisha ya kujipikia bila mtu mzima. Hayo ni makubwa kuliko kilomita nane. Kwa hiyo naweka mbele mambo mepesi. Kwanza, mtoto apangiwe sekondari iliyo karibu kwa njia ya miguu hata kama iko kata jirani. Mara nyingi mpaka wa kiutawala humpitisha mtoto kilomita saba wakati ng'ambo ya mto kuna shule ya kilomita tatu. Pili, baiskeli kwa wanaokaa kati ya kilomita tatu na kumi, zikabidhiwe kwa mkataba kati ya mzazi, shule na kamati ya kijiji, ili baba asiigeuze ya kubebea mkaa, na fundi wa kijiji alipwe kuzikarabati. Hosteli ndogo zenye matroni zibaki kwa wale wa mbali zaidi, ambao kwa mpango huu watakuwa wachache kiasi cha kuhudumiwa vizuri.

Muda wa kupanga ni mfupi. Mwaka 2027 wanafunzi wa darasa la sita wa mtaala mpya na wa darasa la saba wa mtaala wa zamani watamaliza pamoja, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mkupuo. Wengi wa wale wa darasa la sita watakuwa na miaka kumi na miwili tu. Halmashauri zinahesabu madarasa na madawati kwa ajili yao, na zinafanya vyema. Fomu ya kila mtahiniwa iongezewe safu moja, ijazwe na mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa kitongoji kabla ya uchaguzi wa shule: kilomita kutoka nyumbani hadi sekondari, kwa njia anayopita mtoto, na mito anayovuka masika.