KUTOKA HOSPITALI SI KUPONA



Mwenzenu nina duka Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mbali kabisa na bahari yetu. Naomba nafasi nieleze jambo lililonikaa kifuani tangu mwaka 2021, nalo linawakhusu nyinyi wa Unguja na Pemba sawasawa na sisi tulio huku.

Mwaka ule jirani yangu, mtu mzima mwenye maradhi ya sukari, alilazwa kwa Korona. Hospitali siitaji, wala simlaumu mtu. Zama zile hata jina la maradhi lilinong'onwa. Mpaka Mei 2020 Serikali ilikuwa imetaja wagonjwa 509 na maiti 21, kisha ikanyamaza kwa zaidi ya mwaka mzima, na misibani ikawa inasemwa "changamoto ya upumuaji". Jirani yangu alipewa oksijeni siku kumi, akapata nafuu, akaruhusiwa. Tulifurahi, mbuzi akachinjwa. Siku ya kumi na tisa aliinuka kwenda uani, akaanguka, roho ikatoka.

Hapo ndipo balaa lilipoanza. Watu walisema: maradhi si yamekwisha? Basi huyu kauawa. Kidole kikaelekezwa kwa shangazi yake, bibi kizee asiye na lake wala la mtu. Jina Sumbawanga kwa Kifipa ni kuutupa uchawi, na mkoa huu umekwisha kuzika vikongwe waliouawa kwa tuhuma za namna hiyo. Msicheke, ndugu zangu. Nasi visiwani mtu akifa ghafla husemwa kapigwa zongo. Bibi yule alisalimika kwa kuwa mwanawe alimtorosha usiku hadi Namanyere.

Laiti siku ile ya kuruhusiwa angetokea mtu akatwambia kuwa khatari haijesha! Maana jambo hilo lilikuwa limekwisha kujulikana. Uingereza walifuatilia watu 47,780 waliotoka hospitali kwa Korona mwaka 2020. Katika muda wa wastani wa siku 140, karibu theluthi yao walirudi kulazwa, na katika kila mia, kumi na wawili hivi walifariki. Kufa kwao kulizidi kwa takriban mara nane kufa kwa watu wa umri na hali kama zao wasiolazwa. Waliandika hayo Machi 2021.

Sababu zake si siri. Maradhi haya hugandisha damu, na bonge la damu laweza kuziba mshipa wa mapafu wiki kadhaa baada ya homa kwisha. Huacha makovu mapafuni, huuchosha moyo. Hata deksamethasoni, dawa ambayo majaribio ya Oxford ya Juni 2020 yalionesha kuwa inapunguza vifo kwa theluthi kwa wanaopumulia mashine, hupandisha sukari, na mwenye sukari yataka atazamwe. Tena mji wetu uko karibu mita 1,800 juu ya bahari. Nguvu ya hewa ya huku ni kama nne kwa tano ya ile ya Forodhani, na pafu lililojeruhiwa halina akiba.

Atakuja mtu aseme: mbona wanaofia ndani ya hospitali ndio wengi? Kweli, na ni aibu. Mei 2021 ilitangazwa hesabu ya mahututi wa Korona katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika: karibu nusu walifariki ndani ya siku 30, ilhali wastani wa dunia ni chini ya theluthi. Kenya na Msumbiji zimo katika hesabu hiyo, sisi hatumo. Walakini afiaye wodini angalau huandikwa. Maalim Seif Sharif Hamad alipougua, chama kilitangaza maradhi yake waziwazi, na alipofariki Muhimbili tarehe 17 Februari 2021 dunia ilijua. Jirani yangu hakuingia katika daftari lolote la maradhi. Kwa hospitali yeye amepona. Kwa kijiji amerogwa.

Mimi mwenye duka, mtu akichukua kilo ya sukari kwa deni, namwandika jina, kitongoji na simu, na siku saba zikipita namtuma kijana akamtazame. Sembuse aliyetoka kupumulia mtungi, tena kwao Kirando, safari nzima ya gari mpaka ziwani? Kumzuru mgonjwa ni haki yake. Tumefundishwa chuoni tungali watoto. Haki hiyo haikatiki kwa karatasi ya ruhusa.

Ninalolitaka ni dogo. Kila anayelazwa kwa maradhi makali ya pumzi aandikwe anapotoka, apigiwe simu siku ya saba, mhudumu wa afya wa kijiji amfikie kabla ya siku ya thelathini, na jamaa zake waambiwe kwa lugha yao: akivimba mguu mmoja, akibanwa kifua, pumzi ikikatika, mrudisheni siku hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani liliondoa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, lakini nimonia haijaondoka. Wajumbe wetu Barazani waiulize Wizara ya Afya swali moja: katika walioruhusiwa Mnazi Mmoja na Chake Chake, wangapi walikufa majumbani kabla ya siku 90? Jibu lililetwe kwa maandishi, nasi tulichapishe humu humu.