Kliniki za tiba ya akili ziwe na leseni

Hakuna anayefaa kuruhusiwa kufungua kliniki ya kibinafsi ya tiba ya kisaikolojia nchini Kenya bila leseni ambayo mteja anaweza kuiona na kuithibitisha.

Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ipo tangu 2014, nayo yataka kila anayetoa huduma hiyo asajiliwe. Sheria isiyosimamiwa haimlindi yeyote.

Aliyeng'olewa jino hujua kama maumivu yameisha. Mwenye mfadhaiko hana kipimo hicho: humfungulia mtu asiyemjua siri za ndoa na za utotoni, pengine hata za kubakwa, na hali ikizidi kuwa mbaya hujilaumu mwenyewe. Mwanasaikolojia aliyehitimu huujua mpaka wa kazi yake, na panapohitajika dawa humpeleka mgonjwa kwa daktari wa akili. Laghai hampeleki popote, maana kila kikao ni ada.

Waliosomea kazi hii nao huumia, kwa kuwa mteja aliyetapeliwa mara moja harudi kwa yeyote.

Wanaosimamia usajili waiweke wazi orodha ya wenye leseni, bila malipo, na wakague kliniki hizi. Zisizostahili zifungwe sasa.