Bawabu Asome Bahasha ya Ndani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililotuudhi wengi muhula huu, yaani kufungwa kwa mtandao wa maktaba kwa muda wa siku 16, wakati sisi wa Kidato cha Nne tulipokuwa tukijitayarisha kwa mtihani wa majaribio. Maswali ya mitihani ya miaka iliyopita yamo katika kompyuta ya jengo kuu, nasi huyasomea maktaba. Siku hizo zote tuligombania karatasi chache zilizochakaa.

Sababu yajulikana. Mwenzetu mmoja aligundua ya kwamba akiwa maktaba aliweza kuifungua kompyuta ya ofisi inayotunza alama. Yeye asema hakugusa kitu, nami namsadiki, kwa kuwa alama yake ya Hesabu ilikuwa 31 na mpaka leo ni 31. Walakini hatari ilikuwapo. Alama zikiweza kuchezewa, mzazi gani ataiamini ripoti ya mtoto wake? Basi ikaamriwa njia yote ifungwe. Sasa imefunguliwa kwa saa moja tu kila jioni, mwalimu akisimama nyuma yetu.

Sibishi kwamba ilipasa jambo lifanyike. Ninalobisha ni namna lilivyofanyika.

Mimi ni mmoja wa chama cha kompyuta, nami nilikuwapo mwalimu wetu alipoifungua orodha ya kanuni za fayawoli, yaani bawabu wa mtandao. Bawabu wetu ni kompyuta kuukuu ya Linux iliyowekwa kati ya majengo hayo mawili. Kumbe kanuni ya kutuzuia ilikuwamo tangu zamani! Ilisema wazi kwamba kompyuta za maktaba zisifike kwenye kompyuta ya alama. Kando ya kanuni pana hesabu ya vifurushi ilivyovizuia, na hesabu hiyo ilikuwa sifuri. Bawabu alikuwa macho, yuko mlangoni, tena ana amri mkononi, lakini hakupata kumwona hata mmoja wa kumzuia.

Ni kwa sababu ya handaki. Fundi alipoiunganisha maktaba na jengo kuu alitumia itifaki iitwayo VXLAN, ambayo maelezo yake yalitangazwa mwaka 2014. Kila kifurushi cha habari kitokacho maktaba hutiwa ndani ya kifurushi kingine, na mzigo huzidi kwa baiti 50. Kile cha nje huandikwa anwani za mitambo miwili iliyo mwanzo na mwisho wa handaki, pamoja na lango namba 4789, basi. Sisi wa bweni twalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Mzazi mmoja akija shuleni huchukua barua za watoto wa kijiji kizima katika bahasha moja kubwa iliyoandikwa jina la Mkuu wa Shule. Askari wa getini asoma jina la Mkuu, apiga saluti, bahasha yapita. Majina yetu yamo ndani.

Kwa kanuni za kawaida bawabu wa namna hii huipitisha bahasha yote au huizuia yote. Sisi tulianza na la kwanza, tukarukia la pili. Lakini tangu mwaka 2023 iko njia nyingine. Linux toleo 6.2, lililotoka Februari mwaka ule, liliipa nftables, ambayo ndiyo sehemu yake ishikayo kanuni za fayawoli, uwezo wa kusoma kichwa cha kifurushi cha ndani. Mwezi wa Machi programu ya nftables toleo 1.0.7 ikaleta maneno ya kuziandikia kanuni hizo, kwa VXLAN, Geneve na GRE. Hivyo mtu aweza kuandika: kikija kifurushi cha lango 4789, na ndani yake mna anwani ya maktaba inayokwenda kwenye kompyuta ya alama, kizuiwe, vingine vipite. Sharti kanuni hiyo ikae juu ya ile inayoruhusu handaki, la sivyo haitafikiwa kamwe.

Rafiki yangu mmoja asema huku ni kufungua barua za watu. Sikubali. Kichwa cha kifurushi ni anwani, wala si maneno ya barua. Hata hivyo hofu yake si ya kipuuzi, maana VXLAN yenyewe haifichi chochote, na aliyezoea kusoma jina la ndani aweza siku moja kutamani kusoma na yaliyofuata. Kwa hiyo kanuni zibandikwe ubaoni, kila mtu ajue kinachosomwa.

Wengine husema kanuni iwekwe mwisho wa handaki, pale bahasha inapofunguliwa. Hilo ni sawa, tena kama handaki lingekuwa la siri, mathalan WireGuard, isingewezekana vinginevyo. Lakini neno la siri la mtambo ule fundi aliondoka nalo. (Na kompyuta ya alama nayo ipewe neno la siri lisilo jina la shule.)

Chama chetu kimekwisha kujaribu kwa kompyuta 3 za zamani. Tuliandika kanuni mara mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa sababu bawabu huyakumbuka mazungumzo ya bahasha ya nje tu. Hesabu iliyokuwa sifuri ikapanda hadi 14, na upande wa pili hakikufika kitu. Maswali ya mitihani yaliendelea kufunguka.

Namwomba Mkuu wa Shule aturuhusu tuifanye upya Linux ya bawabu na kuiweka kanuni hiyo Jumamosi moja kabla ya Mtihani wa Taifa, ofisi ikiwa imefungwa, mwalimu wetu akisimamia. Atakaye kuja kuisoma ile hesabu mwenyewe na aje.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne