Na Meiliana Je?

Tarehe 2 Agosti 2021, katika ukumbi wa Musashino Forest jijini Tokyo, Greysia Polii wa Indonesia alitwaa dhahabu ya Olimpiki katika vinyoya, upande wa wanawake wawili wawili, siku tisa kabla ya kutimiza miaka 34. Miaka tisa nyuma, London, alifukuzwa mashindanoni kwa kosa la kucheza ili ashindwe. Mwandishi wa michezo akipewa tarehe hizo mbili hahitaji kufikiri: aliyeanguka kainuka, aliyeaibika kasafishika. Hadithi hiyo imesimuliwa sana, na hakuna tukio la kubuni ndani yake. Tatizo langu ni dogo tu. Waliofukuzwa London upande wa Indonesia walikuwa wawili.

Wa pili aliitwa Meiliana Jauhari. Hakurudi tena Olimpiki, na katika masimulizi mengi ya Tokyo hatajwi, au anatajwa mara moja na kupitwa. Toleo hili tumelitenga kwa wachezaji wa wawili wawili, na nimeona nianze na Greysia kwa sababu maisha yake uwanjani yanaonyesha wazi jinsi sisi tunaoandika tunavyomchukua mtu wa jozi na kumgeuza shujaa wa peke yake.

Kwanza kisa chenyewe. London 2012 ndipo vinyoya vya Olimpiki vilipochezwa kwa makundi kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo ilikuwa mtoano tangu mwanzo. Jozi ya Denmark, Kamilla Rytter Juhl na Christinna Pedersen, ikawafunga Wachina Tian Qing na Zhao Yunlei, ambao hawakutarajiwa kushika nafasi ya pili kwenye kundi. Wachina wengine, Wang Xiaoli na Yu Yang, wakapiga hesabu: wakiongoza kundi lao, watavaana na wenzao kabla ya fainali. Basi wakaanza kupeleka kinyoya wavuni makusudi. Wakorea waliosimama mbele yao nao hawakutaka kushinda, na seti ya kwanza haikupata mpigishano uliozidi mapigo manne. Ukumbi wa Wembley ukazomea.

Jioni ileile wakaingia Greysia na Meiliana dhidi ya Wakorea wengine, Ha Jung-eun na Kim Min-jung. Mshindi hapo angewakuta Wang na Yu robo fainali, kwa hiyo mchezo ukageuka mashindano ya kushindwa. Refa mkuu akatoa kadi nyeusi ya kuwaondoa, kisha akaifuta, mchezo ukaendelea. Kesho yake jozi zote nne zikaondolewa. Indonesia ilikata rufaa, halafu ikaiondoa yenyewe.

Mimi nasema walistahili adhabu. Watu walilipa tiketi. Lakini aliyepanga ratiba inayomlipa anayefungwa hakuonyeshwa kadi ya rangi yoyote. Baadaye Shirikisho la Dunia lilibadili utaratibu wa wawili wawili, jozi zinazoshika nafasi ya pili kwenye makundi zikawa zinapangiwa wapinzani kwa kura. Hukumu ile ilikuwa imeshawaangukia wanawake wanane.

Sasa tazama kilichofuata, ukihesabu wenza badala ya vikombe. Greysia alipewa mwenza mwingine, Nitya Krishinda Maheswari. Mwaka 2014, mjini Incheon, wawili hao walitwaa dhahabu ya Michezo ya Asia kwa kuwafunga Wajapani Misaki Matsutomo na Ayaka Takahashi, haohao waliokuja kuwa mabingwa wa Olimpiki Rio miaka miwili baadaye. Mwaka 2015 wakapata shaba ya dunia nyumbani Jakarta. Wakaenda Rio, wakaishia robo fainali. Kisha goti la Nitya likahitaji upasuaji, na Greysia, aliyekuwa karibu na miaka 30, akafikiria kutundika raketi.

Kocha Eng Hian, ambaye naye alikuwa na shaba ya Olimpiki ya 2004 katika wanaume wawili wawili, akamwomba asubiri, akamkabidhi binti wa Konawe, Sulawesi ya Kusini-Mashariki: Apriyani Rahayu. Siku Greysia anafukuzwa London, Apriyani alikuwa na miaka 14. Walianza pamoja 2017, na kabla mwaka haujaisha walikuwa wameshinda mashindano ya wazi ya Ufaransa.

Huwezi kuelewa uzito wa ushindi huo wa haraka bila kujua kazi ya wawili wawili ilivyo. Jozi inaposhambulia, mmoja hubaki nyuma akipiga smashi na mwenzake hukaa karibu na wavu kumalizia. Inapolinda, wote husimama sambamba. Mabadiliko hayo hufanyika mara nyingi ndani ya pointi moja, bila muda wa kuulizana, na mpinzani mjanja huelekeza kinyoya katikati, pale ambapo kila mmoja anadhani ni cha mwenzake. Katika wanawake, ambako mipigishano hurefuka sana, jozi isiyoelewana huumbuka mapema. Greysia alilazimika kujifunza maelewano hayo upya kila alipobadilishiwa mwenza.

Katika fainali ya Tokyo, dhidi ya Wachina Chen Qingchen na Jia Yifan, uzi wa raketi yake ulikatika kinyoya kikiwa hewani. Akakimbia pembeni ya uwanja, akachukua raketi nyingine, akarudi ndani, na pointi wakaishinda. Kipande hicho kimesambazwa sana watu wakimshangaa Greysia. Nawaomba wasomaji wakirudie wakimtazama Apriyani, aliyebaki peke yake ndani ya mistari mbele ya watu wawili na hakukiacha kinyoya kianguke. Wakashinda 21-19, 21-15, jozi ambayo haikuwa hata miongoni mwa zile zilizopangwa juu kabla ya mashindano kuanza.

Ilikuwa dhahabu ya nane ya Indonesia katika historia yote ya Olimpiki. Zote nane hadi siku ile zilitoka kwenye vinyoya, na tano kati yake zilichukuliwa na watu wawili wawili. Hata hivyo, anayeulizwa jina moja la vinyoya vya Indonesia mara nyingi atakutajia Susi Susanti au Taufik Hidayat, mabingwa wa mmoja mmoja. Siwapunguzii sifa. Nalalamikia mazoea yetu ya kalamu, ambayo yanaona raha kumfuata mtu mmoja.

Greysia aliagwa Istora Senayan, Jakarta, tarehe 12 Juni 2022. Wakati huo Apriyani alikuwa ameshaanza na Siti Fadia Silva Ramadhanti, na safari hii yeye ndiye aliyekuwa mkubwa. Wakashinda mashindano ya wazi ya Malaysia na ya Singapore ndani ya mwaka huohuo. Mwaka 2024 wakaenda Paris, bingwa wa Olimpiki akiwa na mwenza mpya, wakafungwa michezo yote mitatu ya makundi wakarudi nyumbani. Makala ya kwanza ya toleo hili inaanzia kwenye michezo hiyo mitatu.